Safari ya picha hadi kwenye skrini: viendeshi vya kiini cha Linux na kazi ya kuviandikia maelezo

Shule moja ya sekondari hapa Mtwara, iliyo karibu na bahari kiasi kwamba mabati yake huliwa na chumvi kabla ya wakati, ilipata televisheni ya inchi 43 kwa ajili ya maabara ya kompyuta, ikaunganishwa kwa kebo ya HDMI na kompyuta ndogo ya bodi moja inayotumia Linux. Picha ilitokea, lakini ilikuwa na ukungu, maandishi yalivimba, na duara lililochorwa kwa ajili ya kipindi cha hisabati lilionekana kama yai lililolazwa. Mwalimu wa kompyuta aliniita nikatazame.

"Fundi," aliniambia, "boksi la televisheni limeandikwa 1920 kwa 1080, lakini kompyuta inang'ang'ania 1024 kwa 768. Hiyo 1024 imetoka wapi, maana hapa hakuna mtu aliyeiandika?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi ninayoulizwa na mafundi wenzangu, na bahati nzuri jibu lake lilikuwa limeandikwa. Ndani ya msimbo wa kiini cha Linux kuna funksheni inayokusanya vipimo ambavyo skrini inavimudu, na juu ya funksheni hiyo kuna maelezo yanayosema, kwa maana, kwamba skrini ikionekana imeunganishwa lakini haikutoa kipimo hata kimoja, basi vitaongezwa vipimo vya kawaida visivyozidi 1024 kwa 768, ili mtumiaji asiachwe gizani. Kwa hiyo 1024 haikutoka kwenye televisheni wala kwa mwalimu. Ilikuwa namba ya dharura ya kiini kilichouliza skrini "wewe ni nani?" kisijibiwe.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Kebo ya HDMI ina pini 19. Pini ya 15 na ya 16 hubeba mazungumzo ya utambulisho kati ya kompyuta na skrini, ya 18 hupeleka umeme wa volti 5, na ya 19 huiarifu kompyuta kwamba kuna kitu kimechomekwa. Nilipofungua faili za mfumo, faili la hali lilisema skrini imeunganishwa, yaani pini ya 19 ilikuwa inafanya kazi, lakini faili la utambulisho lilikuwa na baiti 0. Nikachomoa kebo na kuimulika kwa tochi ya simu, nikaona ndani ya kichwa chake, upande mmoja, kutu ya kijani ambayo kila fundi wa pwani anaijua. Kebo mpya ilipochomekwa, faili lile likaonyesha baiti 256, na duara likawa duara.

Ningeweza kushinda siku nzima nikibadilisha mipangilio, au hata nikiweka mfumo upya, kama ilivyo desturi yetu tunapokosa la kufanya. Kilichoniepusha na usumbufu huo ni sentensi mbili tatu zilizoandikwa na mtu nisiyemjua, aliyeona kwamba kazi yake haijaisha mpaka aeleze kwa nini namba ile ipo pale. Makala hii inaeleza jinsi viendeshi vya skrini vinavyofanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi huria, na kwa nini mimi huyahesabu maelezo yake kuwa kipande cha kiendeshi chenyewe.

Kiini ndicho sehemu ya mfumo endeshi inayogusa mashine moja kwa moja: hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu, na huzungumza na vifaa. Kwa kila aina ya kifaa huhitajika kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita draiva, yaani msimbo unaojua ni namba gani iandikwe kwenye rejista gani ya chipu (rejista ni kijisehemu cha kuwekea namba ndani ya chipu) ili chipu ifanye jambo fulani. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, lakini kwa miaka mingi kazi kubwa ya kuongoza skrini haikuwa ndani ya kiini chake. Ilifanywa na seva ya X, programu ya nje ya kiini, iliyopewa mamlaka makubwa kupita kiasi ili iweze kuandika yenyewe kwenye rejista za kadi ya picha. Matokeo yake ni kwamba kulikuwa na wakubwa wawili juu ya kifaa kimoja, na kila mmoja hakujua mwenzake amekiacha katika hali gani. Ukihama kutoka dirisha la picha kwenda dirisha la maandishi, skrini iliwakawaka, na kiini kikianguka huku X ikiwa imeshika skrini, ujumbe wa kueleza kilichotokea haukuwa na pa kuonekana.

Hali hiyo ilibadilika kwa hatua. Mwaka 1999 ndipo kazi ya mfumo mdogo wa kiini uitwao DRM (Direct Rendering Manager) ilipoanza, kwanza kwa ajili ya kuratibu programu zinazochora picha za pande tatu. Mwaka 2009, katika toleo la 2.6.29, kiini kilichukua rasmi jukumu la kuchagua vipimo vya skrini, utaratibu unaojulikana kwa kifupi cha KMS (kernel mode setting), na chipu za Intel ndizo zilizotangulia. Tangu hapo kadi ya picha ina mwangalizi mmoja, na programu zote huomba kwake.

Programu inapotaka kuonyesha kitu, huomba kipande cha kumbukumbu na kuchora humo. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, kwa kawaida hutumia baiti 4, kwa hiyo picha moja ya 1920 kwa 1080 huchukua baiti 8,294,400, na skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde husomewa karibu baiti milioni 500 kila sekunde hata kama hakuna kinachotikisika juu yake. Kipande hicho cha kumbukumbu ndicho bufa ya fremu. Bufa huwekwa kwenye tabaka. Matabaka, kwa mfano la picha kuu na la mshale wa kipanya, hukusanywa na sehemu iitwayo CRTC, ambayo huzisoma pikseli mstari kwa mstari kwa mwendo wa saa isiyoyumba. Kisimbaji huzigeuza kuwa mawimbi ya aina inayotakiwa, na kiunganishi ndilo tundu ambamo kebo huchomekwa. Jina CRTC, yaani kidhibiti cha chogo (CRT controller), limebaki kutoka enzi za televisheni za chogo, pale mwali ulipokuwa ukifagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Chogo limekwisha, jina lipo, na mgeni anayelisoma kwa mara ya kwanza hana njia ya kulielewa asipoelezwa.

Hapa pana kosa moja ambalo ningependa tulitazame kwa karibu, kwa sababu linaonyesha jinsi jambo dogo lisiloandikwa linavyoharibu kila kitu. Kompyuta nyingi za mapajani za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Mstari mmoja wa pikseli 1366, kwa baiti 4 kila moja, ni baiti 5,464. Chipu nyingi, hata hivyo, hutaka kila mstari uanze kwenye namba inayogawanyika kwa 64 bila baki, hivyo mstari hunyooshwa hadi baiti 5,504, na baiti 40 za mwisho, sawa na pikseli 10, huachwa wazi. Programu ikiandika mistari yake ikidhani kila mmoja una baiti 5,464, huku chipu ikisoma kwa hatua za 5,504, kila mstari utasogea pikseli 10 zaidi ya ule uliotangulia.

Aliyewahi kukaa na bibi anayeshona mkeka ataelewa mara moja. Mkeka wetu wa pwani haufumwi mzima. Husukwa ukili mrefu kwanza, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo, na maua ya mkeka hutokea pale rangi za mzunguko huu zinapokutana sawasawa na rangi za mzunguko uliotangulia. Mshonaji akisogeza kila mzunguko kwa miyaa kumi, hakuna mwaa utakaokatika wala rangi itakayopotea, lakini ua halitakuwapo tena. Kutakuwa na mishazari inayokimbilia upande mmoja. Ndivyo skrini hiyo itakavyokuwa: pikseli zote zimo, rangi zote ni sahihi, ila picha imelala, na baada ya mistari kama 137 huwa imejizungusha kabisa na kuanza upya. Niliwahi kuona fundi akibadilisha kioo kizima cha kompyuta kwa sababu ya picha ya namna hiyo, na kioo kipya kikalala vilevile. Kanuni ya 64 ilipaswa kuandikwa mahali ambapo mwandishi wa programu angeiona, na kiendeshi kilipaswa kukataa waziwazi bufa isiyoifuata badala ya kuikubali na kuonyesha vurugu.

Wakati nao una kanuni zake. Kwa kipimo cha 1920 kwa 1080, CRTC haihesabu mistari 1,080 tu bali 1,125, na katika kila mstari haihesabu pikseli 1,920 tu bali 2,200. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 60, utapata 148,500,000, ambayo ndiyo saa ya pikseli ya megahezi 148.5 inayoandikwa kwenye majedwali yote ya kipimo hiki. Mistari 45 ya ziada haionekani kwenye kioo. Ni muda wa pumziko, kama milisekunde 0.67 katika kila fremu ya milisekunde 16.7, na ndio muda pekee ambao picha inaweza kubadilishwa pasipo mtu kuona mshono. Anayevuka kwenda Msangamkuu anajua kwamba abiria hupanda na kushuka kivuko kikiwa kimetia nanga, si kikiwa katikati ya maji. Bufa mpya ikiingizwa wakati CRTC iko katikati ya kioo, nusu ya juu itaonyesha picha ya zamani na nusu ya chini picha mpya, na mtu anayetazama mpira ataona mchezaji aliyekatika kiunoni. Kwa hiyo kiendeshi hupokea bufa mpya, huisubirisha, na huibadilisha pumziko linapofika, kisha huiarifu programu kwamba bufa ya zamani sasa iko huru. Arifa hiyo ikitolewa mapema mno, programu itaanza kuchora juu ya picha ambayo bado inasomwa. Ikichelewa, mwendo wote utakuwa wa kusuasua.

Utambulisho wa skrini, ule uliokosekana shuleni, huitwa EDID. Kipande chake cha kwanza kina baiti 128, na televisheni za HDMI kwa kawaida huongeza kipande kingine cha ukubwa huohuo. Baiti nane za mwanzo ni alama isiyobadilika: sifuri, kisha 255 mara sita, kisha sifuri. Zinazofuata hubeba herufi tatu za mtengenezaji zilizobanwa ndani ya baiti mbili, halafu mengine mengi hadi vipimo na saa za pikseli, na baiti ya 128 huwekwa ili jumla ya zote igawanyike kwa 256 bila baki. Kiini hukagua jumla hiyo kabla ya kuamini chochote, nacho hufanya vyema, kwa kuwa skrini zinazotangaza mambo yasiyo ya kweli kuhusu nafsi zao ni nyingi, na ndani ya msimbo imo orodha ya skrini zinazohitaji kusahihishwa moja moja. Viendeshi navyo hutofautiana katika kuamini. Kile cha shuleni kiliiamini pini ya 19, kikasema skrini ipo. Kingine, kwa kebo ileile, kingeweza kusema hakuna skrini kabisa mpaka EDID isomeke. Uamuzi wote wawili una hoja zake, lakini fundi aliye mbele ya mashine anahitaji kujua ni upi uliofuatwa.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata KMS yalikuja mwaka 2015, katika toleo la 4.2, pale utaratibu wa kubadilisha hali ya skrini kwa mkupuo mmoja ulipofunguliwa kwa programu zote. Kabla yake, programu iliomba kila jambo peke yake: kwanza kipimo cha skrini ya kwanza, kisha bufa, kisha skrini ya pili. Chukua kompyuta ya mapajani inayounganishwa na projekta ukumbini. Skrini yake ikibadilishwa kwanza, kisha projekta ikakataliwa kwa sababu kumbukumbu haina kasi ya kulisha zote mbili, utabaki katika hali ambayo hakuna aliyeiomba, nusu imefanyika na nusu imeshindikana. Katika utaratibu mpya, programu huandika hali yote inayoitaka na kuikabidhi kwa pamoja. Kiendeshi hukagua kwanza, nacho hakiruhusiwi kugusa chipu katika hatua hiyo hata kidogo. Kikikubali, huingia hatua ya utekelezaji, na hapo hakiruhusiwi tena kushindwa. Programu inaweza hata kuuliza bila kutekeleza: "Nikitaka hivi, itawezekana?"

Kanuni hiyo ya hatua mbili ndiyo inayonifanya niseme kwamba maelezo si pambo. Lugha ya C, ambayo karibu viendeshi vyote hivi vimeandikwa kwayo, haina namna ya kumzuia mwandishi kuandika kwenye rejista akiwa ndani ya funksheni ya ukaguzi. Msimbo utatafsirika kwa mashine bila lawama, majaribio ya kawaida yatapita, na siku moja programu itauliza tu, bila kutaka kitu kitekelezwe, na kioo kitazimika. Kinachomzuia mwandishi ni sentensi iliyo juu ya funksheni ile, ikisema kwamba hapa mashine haiguswi, pamoja na mhakiki aliyeisoma sentensi hiyo. Sehemu kubwa ya mkataba kati ya kiendeshi na kiini iko kwenye maelezo na haiko mahali pengine popote.

Kwa sababu hiyo jamii ya Linux huyaweka maelezo ndani ya faili lilelile la msimbo. Maoni yanayoanza kwa mkwaju na nyota mbili huchukuliwa na chombo cha kiini kuwa maelezo rasmi: jina la funksheni, maana ya kila kigezo, inachorudisha, na masharti ya kuiita. Tangu toleo la 4.8 la mwaka 2016, maelezo hayo huunganishwa na sura ndefu zilizoandikwa kwa matini ya kawaida, kisha chombo kiitwacho Sphinx hutoa kitabu kinachosomeka, na sura za mfumo wa picha zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuhamia huko. Faida yake ni ya kivitendo. Anayebadilisha tabia ya funksheni hutuma kiraka kimoja, yaani faili la mabadiliko yake, chenye msimbo na maelezo pamoja, na mhakiki huona kama kimoja kimebadilika na kingine kimesahauliwa. Kigezo kikiongezwa bila kuelezwa, chombo chenyewe hutoa onyo.

Ndani ya kitabu hicho kuna mahali ninapopaheshimu kuliko pengine pote. Katika sura ya KMS, waandishi wanaeleza kwamba visimbaji, kwa bahati mbaya, viliwekwa wazi kwa programu za nje, kwa hiyo haviwezi kuondolewa tena, na kwamba vizuizi ambavyo viendeshi hutangaza kupitia kwavyo mara nyingi si sahihi. Wamekiri kosa la usanifu hadharani, ndani ya kitabu rasmi. Mtu anayejifunza, akikuta kisimbaji hakifanyi kazi kama anavyotarajia, hatajilaumu kwa wiki nzima akidhani ni yeye asiyeelewa. Nyaraka za namna hii haziwezi kuandikwa na mtu anayetaka tu kuonekana hodari. Huandikwa na anayemfikiria atakayekuja baada yake.

Kosa lile haliondoleki kwa sababu ya kanuni nyingine kali: kiini hakivunji programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kiolesura, yaani njia ambayo programu huombea huduma kwa kiini, kikishatolewa kwa programu za nje, ni cha kudumu. Ndiyo maana mfumo wa DRM haukubali kiolesura kipya mpaka iwepo programu huria halisi inayokitumia, iliyokwisha kuhakikiwa na wenye mradi wake. Wengine huona sharti hilo ni zito mno, hasa kampuni zenye programu za siri. Mimi naliona la haki, kwa kuwa kiolesura kisicho na mtumiaji anayeonekana hakuna anayeweza kukieleza kwa ukweli, na kisichoelezeka hakiwezi kutunzwa kwa miaka ishirini.

Ugumu mwingine hutoka kwa watengenezaji wa vifaa. Intel huchapisha vitabu vya chipu zake, na AMD ilianza kutoa nyaraka zake kwa umma mwaka 2007. Kwa kadi za NVIDIA, hata hivyo, waandishi wa kiendeshi cha Nouveau walilazimika kwa miaka mingi kutazama kile ambacho kiendeshi cha siri kinaandika kwenye rejista na kukisia maana yake, kisha kuyaandika waliyoyagundua. Kwa paneli ndogo za simu na vishikwambi hali ni ya aina yake: mtengenezaji hutoa orodha ya namba za kutumwa wakati wa kuwasha, na mara nyingi hakuna zaidi. Amri 0x11 ya kuamsha paneli na 0x29 ya kuwasha onyesho ni za kiwango kinachojulikana, lakini katikati yake unaweza kukuta namba mia mbili zisizo na jina. Mwandishi mwangalifu hawezi kueleza asichokijua. Anaweza, hata hivyo, kuandika kwamba namba zimetoka kwa mtengenezaji kama zilivyo, na kwamba subira ya milisekunde 120 baada ya kuamsha ni takwa la kitabu cha paneli na si kubahatisha kwake. Bila neno hilo, mtu mwenye nia njema atakuja kuifupisha ili simu iwake haraka, na simu chache, za toleo fulani la paneli, zitaanza kuwaka na kioo cheusi.

Kijana wa Lindi au Masasi anayetaka kuingia katika kazi hii hahitaji kuanza kwa kununua kadi ya picha. Tangu mwaka 2018, kuanzia toleo la 4.19, kiini kina kiendeshi kiitwacho vkms, ambacho huigiza skrini nzima ndani ya kumbukumbu: kina tabaka, CRTC na kiunganishi, ila hakuna kifaa nyuma yake. Ukikipakia, mfumo huona kadi mpya, na unaweza kuijaribu, kuiharibu na kuirekebisha ndani ya kompyuta kongwe yoyote inayobeba Linux. Ndani ya nyaraka za mfumo wa picha kuna pia sura ya kazi zinazosubiri watu, ambamo nyingi zimepewa ngazi ya ugumu kuanzia ya mwanzo. Utakachotuma kitasomwa na wageni, kitarudishwa na maswali, pengine mara tatu au nne, nawe utaweka jina unalojulikana nalo chini yake kuthibitisha kwamba una haki ya kukitoa.

Lugha ni kizuizi, na sitalificha hilo. Baadhi ya nyaraka za kiini zimetafsiriwa kwa Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo bado. Sidhani kwamba tuanze kwa kutafsiri kitabu kizima. Tuanze kwa kukubaliana juu ya majina machache, tabaka, kisimbaji, kiunganishi, bufa, na kuyatumia katika karakana na madarasa mpaka yazoeleke mdomoni, kwa maana jambo ambalo mtu hawezi kulisema kwa lugha anayofikiria kwayo hulishika kwa kukariri tu.

Baada ya ile kebo kubadilishwa, mwalimu aliniomba nirudi Jumamosi moja nizungumze na wanafunzi wachache wa kidato cha nne. Niliwapa funksheni fupi ya kiendeshi, ile ya kuleta vipimo kutoka kwenye skrini, nikayafuta maelezo yake na kuwaambia wayaandike wao kwa Kiswahili. Kikundi cha kwanza kiliandika haraka: "Hurudisha 0 ikifanikiwa." Hawakukisia ovyo, kwa sababu funksheni nyingi za kiini hufanya hivyo hasa. Niliwaambia wafuate thamani hiyo inakokwenda. Binti mmoja alishuka na msimbo taratibu, kidole kikiwa juu ya kioo cha ile televisheni, mpaka akafika kwenye funksheni inayoipokea. Akakuta kwamba namba inayorudishwa ni idadi ya vipimo vilivyopatikana, na kwamba ikiwa ni 0, huku skrini ikisemekana imeunganishwa, mstari unaofuata huongeza vipimo visivyozidi 1024 kwa 768.

"Mwalimu," alimgeukia mwalimu wake badala yangu, "kumbe sifuri ndiyo iliyotuletea lile yai." Kisha akarudi kwenye daftari, akakata neno "ikifanikiwa", na kuanza kuandika upya.